Taya la Mzee Mfaume

Mume wangu, Nikodemu Mlekwa, alikuwa mganga msaidizi wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yote hakuna mgonjwa aliyeingia chumbani kwake akatoka bila kuambiwa afungue kinywa. Hata aliyekuja na kidole kilichobanwa na mlango. Hata mama aliyeleta mtoto kuchanjwa. Mtoto atafunguliwa kinywa, na mama naye. Watu wa Temeke walimwita Dresa Fungua Kinywa, na yeye aliitikia. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Nikiwa nimekaa na wanangu tunacheka habari zetu za jikoni, atakuja taratibu aniwekee vidole viwili chini ya sikio, pale taya linapoungana, akae hivyo mpaka nimalize kucheka. Mwanzo wa ndoa nilidhani ni mapenzi. Baadaye akaniambia sababu, na tangu siku hiyo sikuuondoa tena mkono wake.

Haya nimeyapata kwake mwenyewe, na mengine kwa Bi Mwamvita, mjane wa Mzee Mfaume, ambaye ndiye aliyefiwa. Wote wawili wameshatangulia, Mungu awarehemu, na wote wawili waliniruhusu niyaseme wakishaondoka.

Ilikuwa mwaka 1954. Nikodemu alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka Ndala upande wa Tabora, alikosomea kwa mapadri. Alikuwa mwanafunzi wa uganga msaidizi katika hospitali ya serikali mjini. Siku nyingi za juma walifundishwa wodini na daktari Mzungu, mtu mrefu, mpole, aliyesema Kiswahili cha kitabu. Jumanne na Jumamosi kila mwanafunzi alipelekwa kwenye zahanati moja ya pembezoni ajifunze kutambua magonjwa kwa watu wenyewe, si kwa daftari. Nikodemu akapangiwa Temeke, zahanati ndogo ya vyumba viwili na baraza, chini ya dresa, yaani mganga wa zahanati, wa siku nyingi aliyeitwa Bwana Apolinari, mtu wa Peramiho.

Waliambiwa kwamba kumjua mgonjwa kuna milango minne: kumwuliza, kumtazama, kumgusa na kumsikiliza, na usiruke hata mmoja. Mwanafunzi alikaa na meza yake barazani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mgonjwa, akaandika kwenye kadi anavyodhani, kisha mgonjwa akaingia na kadi yake kwa Bwana Apolinari akatazamwa upya. Lakini kwa vitu vidogo, kama mafua, upele, au mgongo wa kuchoka na kazi, mwanafunzi aliruhusiwa kumaliza mwenyewe, na Bwana Apolinari akatia saini kadi zote jioni.

Sasa, Mzee Mfaume. Alikuwa Mzaramo, mchimba visima, mtu wa miaka kama sitini, mwembamba kama kamba yake mwenyewe. Visima vingi vya upande wa Wailesi mpaka Mtoni siku hizo vilikuwa mkono wake. Alifika zahanati mara ya kwanza na kikohozi. Nikodemu alipoanza kumwuliza maswali, yeye akauliza la kwake kwanza: kijana ni wa wapi? Nikodemu akajibu kuwa ni Mnyamwezi wa Tabora. Mzee akaligeukia benchi la wagonjwa.

“Jamani, mie nimeshapona. Mtumwa wangu ndiye anayenitibu.”

Benchi likacheka, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na kila mtu Dar es Salaam analijua hilo. Nikodemu aliniambia kuwa alikuwa hajataniwa na mtu tangu ashuke kwenye treni. Wanafunzi wenzake walikuwa Wahaya na Wachaga, watu wa vitabu, wanaokula kimya. Maneno yale aliyasikia kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani. Akamjibu kwamba mtumwa ni yeye, na kwamba babu yake alipofika pwani na pembe za ndovu kichwani aliwakuta Wazaramo hawana hata kaniki, wakamzuia njiani kuomba hongo wapate kujisitiri.

“Na akalipa,” mzee akasema. “Akalipa huku analia.”

Toka hapo Mzee Mfaume akawa haachi Jumanne. Haumwi, anapita tu kumtukana mtani wake kabla ya kwenda kazini. Mara analeta dafu, anasema ni chakula cha watumwa. Mara anamwambia Bwana Apolinari amwangalie kijana asije akauza dawa za serikali akanunua ng'ombe. Nikodemu akawa anazisubiri Jumanne. Alisema zilikuwa siku ambazo hakukumbuka kwao.

Jumanne moja ya kiangazi, mvua za masika bado hazijaanza, benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa chini. Ndani, Bwana Apolinari alikuwa na mama aliyekuwa anajifungua vibaya, na mlango umefungwa. Kama saa nne hivi Mzee Mfaume akaja. Alitembea amekakamaa, kama mtu mwenye ndoo kichwani asiyetaka maji yamwagike. Akakaa kwenye kigoda cha wagonjwa mbele ya meza, akamtazama mtani wake, na alikuwa anatabasamu.

Nikodemu akamwuliza leo mtumwa wangu una nini.

“Taya,” mzee akasema. Alilisema neno hilo kupitia kwenye meno. “Limechoka. Kukutukana wewe ni kazi.”

Watu wakaanza kucheka. Nikodemu akamwambia afungue kinywa amtazame.

“Mie nifungue kinywa mbele ya Mnyamwezi? Utang'oa meno ukayauze. Ushazoea pembe.”

Benchi lote likavunjika mbavu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja na homa akawa anajifuta machozi kwa kanga. Nikodemu naye alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Na mzee, kama Nikodemu alivyoona, alikuwa anacheka pamoja nao: meno ya mbele yote nje, pembe za midomo zimevutwa nyuma, nyusi zimepanda juu. Jasho lilimtoka, lakini nani asiyetoka jasho Temeke mwezi wa pili?

Akamgusa shingo, akaiona ngumu. Akasema moyoni kuwa mtu anayevuta ndoo za udongo kutoka futi thelathini chini lazima shingo ikaze. Kulikuwa na swali moja waliloambiwa wamwulize kila mtu mwenye shingo au taya lililokaza: je, umepata kidonda chochote mwezi huu? Swali hilo alikuwa nalo kwenye daftari lake, amelipigia mstari. Hakuliuliza. Kadi aliiandika hivi, na ninaijua kwa sababu aliikariri mpaka anakufa: *Shingo imekaza kwa kazi. Taya linauma kidogo. Mgonjwa ni mchangamfu.* Akampa aspirini nne na chupa ya dawa ya kuchua.

Mzee Mfaume akasimama. Hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima. Akasema, bado kwa meno:

“Mtani. Leo sitanii.”

Na mume wangu akamjibu, “Hata juzi ulisema hivyo. Nenda, mtumwa wangu, usinimalizie benchi kwa kicheko.”

Watu walicheka tena. Mzee akashuka ngazi za baraza na chupa yake mkononi.

Mie sikuwapo, nilikuwa msichana wa shule huko kwetu. Lakini hiyo “Leo sitanii” ya mzee nimeisikia mara nyingi kuliko maneno ya Misa. Nikodemu aliisema akiwa ananyoa ndevu. Aliisema akiwa ananyoosha shati. Hakuwa ananiambia mie. Alikuwa anaijaribu kwa sauti mbalimbali, sauti ya utani na sauti isiyo ya utani, apate kusikia tofauti ambayo siku ile hakuisikia.

Alhamisi daktari Mzungu aliwaita wanafunzi sita mwisho wa wodi ya wanaume, kwenye chumba ambacho madirisha yake yalifunikwa kwa blanketi. Akawaambia wavue viatu nje na wasiseme kwa sauti, kwa kuwa mgonjwa aliyemo humo kelele zinamtesa. Wakaingia wakazunguka kitanda. Kulikuwa na giza, na mtu amelala mgongo umeinuka kidogo kutoka kwenye godoro, kama upinde. Daktari akanong'ona kwamba anayejua ugonjwa huu aseme.

Mwanafunzi mmoja akajibu kuwa anaona mgonjwa anacheka, labda ni kichaa.

“Hacheki,” daktari akasema. “Mtazameni macho.”

Nikodemu akamtazama macho. Yalikuwa macho ya mtu anayejua kila kitu kinachoendelea. Chini yake meno yale yale, midomo imevutwa vile vile, nyusi juu. Ndipo alipomjua.

Akasikia sauti yake inasema, “Pepopunda, bwana.”

Daktari akamwambia vizuri, amejuaje? Na Nikodemu akaeleza. Taya limefunga. Shingo imekaza. Uso umevutwa ukafanana na kicheko. Jasho bila homa kubwa. Kisha akainama akatazama nyayo, na chini ya kisigino cha kulia akaona kidonda kidogo kama punje ya hindi, kimeshafunga kigaga cheusi. Alisema hata kazi ya mgonjwa kabla ya kuulizwa, kwamba huyu anaonekana kuwa mtu wa udongo. Hakuacha mlango hata mmoja. Daktari akawaambia wengine wamemsikia mwenzao, hivyo ndivyo mgonjwa anavyosomwa.

Kisha daktari akasema kuwa mtu huyu aliletwa jana jioni. Dawa ya sindano amepewa, lakini imechelewa. Angeletwa siku mbili kabla, tumaini lingekuwa kubwa zaidi. Mmoja akauliza kama hakwenda popote. Daktari akajibu kuwa mkewe anasema alipata dawa ya kuchua kwenye zahanati fulani, na kwamba atafuata habari hiyo.

Nikodemu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kitandani. Alijua kuwa neno lake moja wakati ule lingemfukuzisha shule, arudi Ndala na sanduku lake, baba yake aliyeuza ng'ombe wawili amwone anashuka. Akanyamaza.

Mzee Mfaume akatoa sauti kwa meno. Daktari akainama, hakuelewa, akauliza wanafunzi amesema nini.

“Amesema mtani, bwana,” Nikodemu akajibu.

Daktari akadhani ni jina la mtu.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa. Saa tatu asubuhi mdogo wa marehemu, jina lake Shomari, alifika kwa baiskeli kwenye bweni la wanafunzi akamtafuta Mnyamwezi wa zahanati ya Temeke. Akamwambia kuwa marehemu alipokuwa bado anaweza kutoa neno aliusia jambo moja, kwamba mtani wake wa zahanati asikose kumzika. Watani wengine wapo, akasema, kuna wazee wawili wa Kinyamwezi wa relini, lakini kamtaja yeye.

Msomaji anayejua mazishi ya Wazaramo anajua mtani anaitiwa nini. Anakuja kuuondoa uzito. Anaziba njia jeneza lisipite, analala kaburini akidai ni kitanda chake, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye na kusema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Mzee wa watu akizikwa bila watani, watu wanasema amezikwa kama mgeni. Nikodemu angeweza kukataa kwa kisingizio cha masomo. Aliniambia kuwa alipanda basi la Temeke akiwa na nia moja tu: atakapofika atasema ukweli mbele ya ndugu wote, kisha wamfanye watakavyo.

Alikuta uwanja umejaa. Wanaume wamekaa kwenye majamvi, wanawake ndani na ukumbini, Bi Mwamvita amekaa nyuma ya mlango, kanga nyeupe kichwani. Wale wazee wa relini walikuwa wameshaanza kazi. Mmoja alikuwa amejilaza kwenye njia ya kutokea akikoroma. Walipomwona Nikodemu wakamshangilia. Wakamvika kofia ya marehemu na kumtia mkononi sururu yake ya visima, wakamwambia haya, mwigize bwana wako.

Alitaka kumwigiza Mzee Mfaume wa siku zote, yule wa dafu na matusi. Akapiga hatua moja uwanjani. Shingo yake ikakaza yenyewe, midomo ikarudi nyuma, nyusi zikapanda, akawa anatembea kama mtu mwenye ndoo kichwani. Hakukusudia. Alisema alijaribu kuushusha uso ule na haukushuka.

Watu wakacheka sana, maana wengi wao walimwona marehemu mara ya mwisho hivyo hivyo, wakaona kijana kampatia kabisa.

“Mie ndiye niliyemuua,” Nikodemu akasema.

Wakazidi kucheka. Mmoja wa wazee wa relini akamshangaa jinsi anavyoijua kazi.

“Nawaambia mie ndiye. Alikuja kwangu Jumanne, taya limefunga, nikampa dawa ya kuchua. Aliniambia hatanii. Nikamfukuza.”

“Hamjaacha tu, Wanyamwezi,” Shomari akasema, na machozi ya kicheko yanamtoka. “Mlianza na babu, sasa mmefika kwa kaka.”

Mtu akaleta kamba ya kisimani wakamfunga mikono, wakasema wanampeleka polisi Chang'ombe, na kwamba ng'ombe wote wa Tabora ni wao. Alipoanza kulia kweli, wakamsifu. Walisema hawajapata kuona mtani anayelia machozi mengi hivyo bila pilipili. Aliapa kwa jina la Mungu, nao wakaapa pamoja naye. Kila neno la kweli alilotoa liliingia kwenye kicheko likapotea, na hakukuwa na neno jingine la kutumia, maana mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, na lolote analosema halishikwi.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya mlango.

“Mwacheni.”

Haikuwa kali, lakini wakamwacha. Jeneza likatoka.

Jumamosi alimwendea Bwana Apolinari kabla wagonjwa hawajafika, akamwambia yote. Bwana Apolinari alikuwa tayari na ile kadi. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, akamwonyesha saini yake chini, aliyoitia Jumanne jioni bila kumwona mgonjwa, kama alivyotia nyingine zote.

“Ukianguka wewe, naanguka na mie,” akasema. “Nina watoto sita. Na wewe umeshasema mbele ya Temeke nzima. Unataka useme mara ngapi?”

Kadi ikarudi mfukoni. Daktari alipouliza, aliambiwa kuwa jina hilo halikuonekana kwenye daftari la zahanati yoyote.

Nikodemu alikwenda kutubu kwa padre. Padre akamwondolea dhambi, akamwambia kuwa kwa Mungu ameshasikiwa, lakini mjane bado. Mjane, hata hivyo, alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi mwanamume asiye ndugu yake haingii akazungumza naye. Hivyo ikambidi akae na lile neno miezi minne na siku kumi, na kazi ikiendelea.

Hapo ndipo alipoharibika. Mgonjwa akitabasamu, yeye anasimama. Mama mmoja wa Keko alimchekea tu kwa kumshukuru, Nikodemu akamshika taya kwa mikono miwili, mumewe nusura ampige. Alianza kumfungua kila mtu kinywa. Hakumaliza tena mgonjwa hata mmoja mwenyewe, wote aliwapeleka ndani, hata wa upele, mpaka Bwana Apolinari akamwuliza anamtafutia nini. Mara nyingine alikuwa anaandika kadi, akahisi kuna mtu amekaa kwenye kigoda mbele yake kimya, jasho linamtoka. Akiinua kichwa anakuta kigoda kitupu, au kuna mtoto na bibi yake. Hakuniambia kwamba alimwona. Aliniambia kwamba hakuthubutu kuinua kichwa haraka. Wodini alama zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, na daktari alimsifu, na kila sifa ilimrudisha kwenye chumba kile chenye blanketi madirishani.

Eda ilipokwisha alikwenda. Alipiga hodi uwanjani, na Bi Mwamvita akatoka. Nikodemu akamwambia shikamoo. Watani hawapeani shikamoo, wanapeana matusi, na yeye hakuwahi kumwamkia mtu wa nyumba ile. Bi Mwamvita akamtazama kitambo kabla ya kuitikia marahaba. Akamwonyesha kigoda kivulini mwa ukuta, yeye akakaa kizingitini. Shomari hakuwapo.

“Utani umekwisha,” akasema. “Sasa sema.”

Akasema. Alimweleza Jumanne, kadi, swali ambalo hakuuliza, wodi, na kunyamaza kwake. Bi Mwamvita akamrudisha kwenye Jumanne.

“Alikwambia hatanii.”

“Aliniambia.”

“Ukamjibu nini?”

Hilo alikuwa amelipita juujuu. Akalirudia neno kwa neno. Bi Mwamvita akainuka akaingia ndani, akakaa huko. Nikodemu hakusikia kilio wala sauti ya chombo. Alipotoka alikuwa na bakuli la maji, akampa.

“Angepona?”

“Sijui, mama. Wengine wanapona.”

Ndipo Bi Mwamvita akamwambia kuwa alipokuwa nyuma ya mlango siku ya mazishi watu wote walicheka, lakini yeye uso ule alikuwa ameutazama siku tatu, akajua kijana huyu kauona ulipokuwa bado unaanza. Kisha akasema jambo ambalo, aliniambia baadaye, hakulisema mara mbili. Jumatatu ile, siku moja kabla ya zahanati, mumewe hakula. Alikaa mbele ya sahani anatabasamu, na yeye akadhani anamdhihaki kwa mapishi yake. Akamwambia kama hakitaki chakula chake aende akale kwa mtumwa wake wa zahanati.

Bi Mwamvita akalipokea bakuli.

“Nani mwingine anajua?” akauliza.

“Padre. Na Bwana Apolinari.”

“Na Mzungu wako?”

“Bado.”

“Basi hujasema,” Bi Mwamvita akamwambia. “Ukiniambia mie peke yangu umeniletea mzigo wako niuweke ndani. Sina nafasi. Kauseme kule mnakofundishwa, ili siku mwingine akiambiwa sitanii, asikie.”

Nikodemu akamwomba msamaha. Yeye akajibu kuwa atamwomba Mungu ampe msamaha wa kumpa, maana yeye mwenyewe hana. Akaongeza jambo moja: asimtanie tena, wala mtu yeyote wa nyumba ile. Amwite mama kama alivyomwita sasa, na akipita njia hii abishe hodi.

Alhamisi iliyofuata, daktari alipowakusanya wanafunzi mezani, Nikodemu alisimama akaomba kusema. Akasema kwa Kiingereza cha shule, polepole, kisha daktari akamwambia arudie kwa Kiswahili ili asikose neno. Akarudia. Hakuna aliyecheka. Yule mwanafunzi aliyedhani mgonjwa ni kichaa alikuwa amejishika shavu. Daktari akauliza kadi iko wapi, na Nikodemu, aliyekuwa ameomba njia nzima asiulizwe hilo, akasema iko kwa Bwana Apolinari.

Hawakumfukuza. Walimrudisha mwaka mmoja nyuma, na ikawekwa sheria kwamba kadi isitiwe saini kabla dresa mkubwa hajamwona mgonjwa kwa macho. Bwana Apolinari alishushwa cheo akahamishiwa mbali kusini na watoto wake sita. Siku ya kuondoka Nikodemu alikwenda kumsaidia mizigo. Bwana Apolinari alimpokea kwa adabu, akambebesha masanduku mpaka kwenye lori, na hakumwambia neno, wala kwaheri. Nikodemu alimwandikia barua kila Krismasi kwa miaka tisa. Hazikujibiwa.

Alinioa mwaka 1957. Bi Mwamvita alikuja harusini, akakaa upande wa mama wa bwana harusi, kwa kuwa mkwe wangu alikuwa Ndala na hakuweza kusafiri. Watoto wetu walimwita bibi. Mie nami nilimpenda. Alinifundisha kupika samaki wa nazi, na Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nampelekea tambi. Alipougua miguu, Nikodemu ndiye aliyekuwa anamfunga bandeji kila juma.

Lakini kulikuwa na siku ambazo Bi Mwamvita hakuweza kumtazama Nikodemu usoni. Hazikuwa na tarehe. Nikodemu alikuwa anajua tu, jinsi alivyojua mie sijui. Ataamka, atavaa, atakunja bandeji na dawa kwenye karatasi, halafu atakaa nazo mapajani. Mwisho ataniambia, leo nenda wewe. Nitakwenda. Bi Mwamvita atanikaribisha vizuri, atanyoosha miguu nimfunge, tutazungumza habari za watoto na bei ya nazi. Nikiwa nainuka kuondoka ataniuliza kama mume wangu huko nyumbani amekula.

Nitasema amekula, mama.

“Haya,” atasema, na ataitazama karatasi aliyoikunja Nikodemu, iliyobaki mkononi mwangu, mpaka nifunge mlango.